Notisi ya Mbuzi Watatu

Tryphena hakuwa amemaliza hata miezi mitatu ya kuitwa mwenye nyumba, na tayari kesi imemfikia. Vyumba vyake sita pale Kaloleni, Voi, alivijenga kwa pensheni ya ualimu, na agrimenti aliiandika kwa mkono wake mwenyewe: mifugo marufuku. Sasa nyuma ya chumba cha nne wamefungwa mbuzi watatu, na midomo yao haijui likizo.

"Mwalimu, wamenilia leso," alisema Bi Firdaus wa chumba cha pili, akiinua kipande kilichobaki. "Ama wao, ama sisi. Jumamosi wakiwa bado wapo, twahama sote watano."

Watano! Mama yangu! Tryphena akaandika notisi siku hiyo hiyo, akampelekea Mutiso, fundi wa pikipiki wa chumba cha nne. Mutiso aliisoma, akaweka spana chini.

"Mama, hawa ni wa ntheo. Mwezi ujao nawapeleka Kibwezi kwa wazazi wa msichana wangu. Mkamba asiyepeleka mbuzi wa ntheo hajaoa, hata azae kumi. Nikiwauza saa hii, sina bibi."

Hapo Tryphena angekaza uzi, mambo yangeisha. Lakini huyu ni mtu wa Mghange, kule milimani Taita, bwana! Kwao huendi penye mifugo mikono mitupu. Jumatano alipokuja kukumbusha notisi, alibeba mzigo mzima wa majani ya viazi vitamu kutoka shambani. Bi Firdaus akamfuma akiwalisha.

"Ala! Notisi mkono huu, majani mkono ule?"

Ploti nzima ikaangua kicheko. Tryphena aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, kisha hasira ikampanda, hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

"Haya, chekeni! Notisi haifutwi. Ijumaa mbuzi hawa wanatoka, wanakuja kwangu Mghange mpaka siku yao. Na wewe Mutiso, kila Jumapili unapanda mlima kuwakatia majani. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Jumamosi hakuhama mtu. Mwezi uliofuata Tryphena aliwasindikiza mbuzi mpaka Kibwezi pamoja na Mutiso. Baba wa msichana aliwapapasa migongo, akaridhika. Kisha akauliza kijana huyu amesimamiwa na mzazi gani, maana alisikia wazazi wake walishafariki.

Mutiso akamshika Tryphena mkono, akamsogeza mbele.

"Ni huyu," akasema. "Ndiye aliyenipa notisi."