Nilivyowapongeza Watu wa Oicha

Ile aibu niliitafuta mwenyewe. Bureau yetu ya maji ya Butembo ilinituma Oicha kuonyesha wakulima picha za satelite, maana ni mimi peke yangu nilifuata formation ya kusoma hizo picha, wiki mbili nzima. Tangu hapo nilikuwa naongea kama vile hiyo satelite niliirusha mimi.

Katika ukumbi wa parokia nikawasha projecteur. Picha ya zamani ya vijiji vya pembeni ilijaa mashamba, madoa ya kahawia kila pahali. Picha ya mwaka huu ilikuwa kijani tupu.

"Satelite inaona kila kitu," nikawaambia. "Muliacha miti iote, donc vyanzo vya maji vitapona. Félicitations! Mujipigie makofi!"

Hakuna aliyepiga. Nikafikiri hawakuelewa. Nikarudia polepole, kisha nikapiga makofi peke yangu.

Mama mumoja akasimama, akaja mpaka ukutani, akaweka kidole katikati ya kijani nilichosifu.

"Hapa ni shamba yangu ya mihogo, mwana wangu. Hatukuacha miti iote. Tulikimbia."

Nami nilijua. Nyumbani kwetu Butembo tunalala na ndugu waliokimbia mauaji kutoka upande uleule. Lakini mbele ya picha nilisahau.

"Si umesema inaona kila kitu?" akauliza, bila hasira. "Bwana yangu tulimuzika pale, chini ya muti wa avoka. Kuza picha kidogo, nione kama kaburi ingaliko."

Nikakuza. Kijani. Nikakuza tena.