Bibi Aliyeteleza Bafuni na Nguo Kavu

Ukiumia, msomaji, daktari akauliza imekuwaje, nani hujibu: wewe au aliyekuleta?

Saa nne asubuhi. Mlango wa chumba cha majeruhi unasukumwa kwa bega, machela inaingia, gurudumu moja likilia kama paka. Anayeisukuma ni mama mfupi mwenye viatu vya mpira vilivyopasuka kisigino. Wenzake humwita Bi Taratibu. Dereva wa gari la wagonjwa humtania kwamba akitumwa maji, mwenye kiu atakuwa ameshasahau.

"Mwenye mfupa uliovunjika hapendi mbio," anasema.

Ameianza kazi hii mwanawe wa mwisho akinyonya. Leo huyo mwana ana mke. Majeruhi aliowazoea walitoka barabarani, kwenye pikipiki na magari. Ilipokuja korona na watu wakaamriwa kukaa ndani, barabara zikanyamaza, machela zikaegemezwa ukutani. Wakadhani watapumzika.

Wapi! Majeruhi wakaanza kutoka majumbani: walioungua jikoni, walioanguka ngazini, waliopigwa. Walikuwa wachache kuliko wa zamani, ila walichelewa kuja kwa kuogopa kuambukizwa, viungo vimeshavimba. Na wengi walikuwa na jibu moja: nimeteleza bafuni.

"Mabafu ya mji mzima yaliota utelezi kwa pamoja?" anauliza, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nikawa simwamini msindikizaji hata mmoja."

Ndipo akaletwa bibi mmoja, mguu umevunjika chini ya goti. Mwanawe, mtu mzima mwenye barakoa hadi chini ya macho, ndiye aliyejibu kila kitu. Hata bibi alipoulizwa anaumwa wapi, alijibu yeye. Ameteleza bafuni, akasema.

Bi Taratibu akamtazama bibi. Nguo kavu. Nyayo zina vumbi. Viganja vimechubuka, vina kutu. Na kila mwana akisogea, bibi hufumba macho.

Muuguzi naye alikuwa ameshayaona. Akamwambia Bi Taratibu ampeleke bibi kupigwa picha ya mfupa, apite njia ndefu. Wawili hao walikuwa na utaratibu wao: njia ndefu huzunguka nyuma ya chumba cha kufulia, pasipo sikio la mtu. Mwana akataka kufuata.

"Korona hii, baba. Msindikizaji mwisho mstari mwekundu."

"Ni mama yangu."

"Na mimi ni mama wa watu. Kaa."

Njiani akamweleza bibi kwamba hospitali ina watu wa ustawi wa jamii, na kwamba mtu akiogopa kurudi nyumbani, halazimishwi. Walipofika penye mashuka yaliyoanikwa, akamuuliza waziwazi: anakupiga?

Bibi akafumbua macho kwa hasira. "Mwanangu? Huyo hata kuku hachinji."

Basi uongo wa nini? Polepole bibi akatoboa siri. Mwana aliuogopa ugonjwa, akawa kila akienda kazini anamfungia mama kwa kufuli. Mama akapita dirishani, penye nondo iliyolegea, akaanguka. Mwana akaona aibu ya kufuli, mama akaona aibu ya mwana, wakakubaliana bafu.

"Nilimshuku kwa kosa silo," anakiri Bi Taratibu. "Lakini kufuli ni kufuli. Muuguzi alimweka chini mwana akamsema, naye hakulifunga tena."

Sasa barakoa zimetupwa na wasindikizaji wanaingia hadi kitandani, wakiwajibia wagonjwa. Ombi lake kwa wakubwa ni moja: mstari ule mwekundu, uliofutika kwa deki, upakwe tena, kila majeruhi aulizwe walau mara moja akiwa peke yake.

Siku ile, penye mashuka, alisimamisha machela akamuuliza bibi alikuwa akienda wapi, kwa umri ule, hadi apite dirishani.

"Shoga yangu tumepakana ukuta. Alikuwa anakohoa, namsikia. Juzi kikohozi kikanyamaza, na kila ninayemuuliza ananiambia nipumzike. Nilitaka kumgongea mlango, nijue kama yu hai."