Mwalimu Aliyebakiwa na Misemo

Mwalimu alifundisha Kiingereza sekondari hadi akastaafu, na wanafunzi walimbandika jina la Mzee Asili. Msemo wowote ukitajwa darasani, lazima aulize umetoka wapi. Kama ni wa maandiko matakatifu, alisimulia kisa cha nabii. Kama ni wa michezo ya kale ya jukwaani, aliuigiza, akaanguka kifo cha mfalme mbele ya ubao, suti ikajaa vumbi la chaki.

Kisha akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakampotea, Kiswahili na Kiingereza pia. Ikabaki ile misemo ya Kiingereza tu. Daktari aliiambia familia kwamba kitu mtu alichokikariri sana huweza kubaki hata lugha ikipotea, na kwamba si lazima mgonjwa awe anamaanisha anachotamka.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kiingereza hakukijua, hata kile cha kuombea maji. Mkalimani akawa binti yao, muuzaji katika duka la dawa.

Jioni moja mama alikuwa akimchua mgonjwa bega. Mwalimu akatamka kitu, Kiingereza kilichonyooka.

"Kasema nini?"

"Nzi kwenye marhamu."

Mama akainua kopo la dawa ya kuchua, akachungulia. "Mbona hamna nzi?"

"Ni msemo, Mama. Wa kwenye maandiko. Kitu kidogo kinachoharibu kizuri kizima."

"Kitu gani sasa?" Akamgeukia mumewe. "Nakuumiza? Mikono yangu ya baridi? Sema, Mwalimu."

Mwalimu akarudia yaleyale. Akarudia tena kwa nguvu, mishipa ya shingo imemtoka. Wakafunga dirisha. Wakageuza mto. Wakamletea uji, maji, redio. Kila kitu alikisukuma kwa mkono ule mzima, machozi yakimlengalenga.

"Labda anakumbuka somo tu," binti akasema.

"Na kama kuna kitu anataka?"

Binti akaugeuza mto tena. Asili ya kila msemo aliijua, kafundishwa na baba huyuhuyu. Alichotaka baba hakukijua.

Asubuhi binti alipokwenda kazini, mwalimu alianza tena. Safari hii haukuwa msemo mmoja. Ilikuwa mingi, mmoja baada ya mwingine, taratibu, huku akimtazama mkewe usoni. Mama akaondoa mguu kwenye cherehani. Huenda mumewe alikuwa anaaga, au anaomba radhi, au anauliza swali. Mama alijaribu kushika walau neno moja amwambie binti jioni. Kila alipolishika, lililofuata lililifuta.

Mwalimu akamaliza, akamkazia macho akisubiri.

"Ndiyo, Mwalimu," mama akasema. "Ndiyo, mume wangu. Sawa."

Mwalimu akashusha pumzi ndefu, akafumba macho. Mama akabaki ameketi, nguo imening'inia kwenye sindano, asijue amekubali nini.