Donge la Shahidi

Siku ya kwanza kazini nilipewa wembe nikaambiwa nichague donge la kukata. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, naona aibu hata kuuliza choo kiko wapi. Mbele yangu chupa zimepangwa kwenye mashine ya kutikisa, na ndani yake madonge ya kijani yanaogelea kwenye maji ya sukari na chumvichumvi. Ilikuwa mizabibu ile. Unachukua kipande cha ncha ya mche usio na ugonjwa, unakilisha kwenye chupa, kinavimba kuwa donge, na donge moja linakupa miche mingi.

"Litmasi inakupa habari za maji," alisema Mkuu wa Maabara, mama wa Kondoa asiyependa kurudia maneno. "Kipimajoto kinakupa habari za chumba. Habari za ndani ya donge atakupa nani?"

Nikamkodolea macho.

"Usiniangalie mimi, mwanangu. Kata."

Ndiyo desturi yetu ilivyokuwa kila Jumatatu. Katika kila kundi la chupa tunatoa donge moja, tunalipasua katikati. Tuliliita shahidi. Likiwa jeupe ndani, wenzake wazima. Likianza rangi ya chai, hewa na chakula haviufikii moyo wake, basi yaliyobaki tunayagawa vipande vidogo siku hiyohiyo. Kwa nje huoni kitu. Donge linaweza kuwa kijani kabisa na ndani limeshakufa.

Mjomba wangu wa Hombolo alikuwa ameng'oa mizabibu yake yote iliyougua, anasubiri miche yetu. Nikimwamkia ananijibu, "Marahaba. Wajukuu zangu wa kwenye chupa hawajambo?"

Kisha tukaletewa Meneja, wa kuiandaa maabara iuzwe. Miaka hii kila cha serikali kinatafutiwa mnunuzi. Alipotukuta na shahidi kwenye sahani aliruka.

"Mnakata mali?"

"Tunapima, Bwana Meneja," alisema Mkuu.

"Mnunuzi anakuja. Nataka aone madonge ya maana, siyo makombo. Kuanzia leo hakuna kukata, hakuna kugawa."

"Na yakioza ndani?"

"Tutajua siku yenyewe."

Mkuu alibishana naye mpaka sauti ikamkauka. Akahamishiwa stoo. Wembe ukafungiwa kabatini kwa Meneja. Madonge yakanenepa kama ngumi, na chupa zikaanza kunuka uchachu. Nilimwendea Meneja nikamwambia madonge yanaoza, kwa hii sauti yangu ya mbu.

"Binti, wewe angalia mashine."

Mnunuzi alikuja, akainua chupa, akasifu. Halafu akasema tu, "Nipasulieni moja." Meneja akahangaika na funguo. La kwanza kahawia. La pili kahawia. La tatu lilikuwa uji. Mnunuzi akafuta mikono kwa leso, akauliza dereva wake yuko wapi.

"Huyu binti," Meneja akaninyooshea kidole mbele ya wote, "hakuwa makini na joto la chumba."

Aliyejibu ni Mkuu, kutoka mlangoni: "Kipimajoto kiko ukutani nyuma yako. Geuka usome." Hakugeuka.

Maabara ikafungwa, sote tukapunguzwa. Meneja yeye akapelekwa kwingine, akaandae pengine pauzwe.

Basi nimestaafu na miaka kumi na tisa. Mdogo wangu akinikuta nafua anapiga goti, "Shikamoo, mstaafu!" Namrushia povu. Mjomba amepanda mtama palipokuwa na mizabibu, na habari za wajukuu haulizi tena. Ninyi mtakaoajiriwa baada yangu, mkisikia bosi anasema mali haikatwi, jueni hataki kuona ndani.

Jana jioni nilikuwa jikoni na mama, namenya viazi vitamu. Kila kimoja nakipasua katikati, natazama.

"Wewe, weka vizima vichemke," mama akasema. "Kama kimeoza tutajua tukila."

Hasira ikanipanda. Siyo kwake.

"Hapana, mama," nikasema, kwa sauti mpaka mdogo wangu akachungulia. "Tutajua sasa hivi."

Nikakata.