Jumba Letu Halivunjwi Tena

Wenzangu mliokulia kwenye majumba ya maendeleo kule Ng'ambo ya mji wa Unguja, nyinyi ndio mtakaonielewa. Waliozaliwa Mji Mkongwe, kwenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, watalii wanawapigia picha hata kamba za kuanikia nguo. Sisi hakuna aliyetupiga picha. Tulikulia kwenye jumba refu la zege, limenyooka, madirisha yamepangwa sawasawa, na sisi watoto tukiliita treni. Mwaka jana likaja neno kwamba treni yetu itavunjwa, na mama yangu bado anaishi humo, ghorofa ya tatu. Nilikosa raha kabisa. Leo naandika moyo umetulia, kwa hiyo mtanistahamilia nikianzia mbali.

Nakumbuka asubuhi za utoto wetu zilianza na kengele ya baskeli ya muuza mikate ya boflo. Yeye hapandi ngazi, magoti hayamruhusu, anasimama chini tu, na kina mama wanatokeza kwenye roshani mmoja mmoja. Kila nyumba ilikuwa na kikapu chake cha ukili na kamba yake. Kikapu kinashuka kitupu, kinapanda na boflo za moto, harufu inatangulia. Na jirani wa ghorofa ya pili akikiona chetu kinapita mbele yake, anakizuia kwanza, anatia humo alichonacho, visheti vya jana au kipande cha mkate wa kumimina, ndipo anakiachia. Hakuna aliyeomba wala aliyeshukuru kwa maneno. Kesho yake kikapu chetu kikishuka kilipita kwake na kitu chake ndani.

Ngazi ndiyo ilikuwa uwanja wetu. Ukuta wake wa mbele umejengwa kwa matofali ya matundu, jua linaingia vipande vipande na upepo unapita kutwa nzima. Wasichana tulicheza mdako pale ngazi zinapopinda, sakafu baridi chini ya mapaja, na wavulana walicheza kibe, wakijificha na kutafutana mpaka juu ya paa, mahali ambapo sote tulikatazwa na sote tulikwenda. Ukipanda ulijua nani anapika nini, hapa papa mkavu, pale mbaazi za nazi, na Alkhamisi jioni udi kila mlango. Mama akikuita kutoka roshanini unaitika "naam" na unakuja mbio. Ole wako uitike "nini". Alikuwa akisema, "Rudi chini nikuite tena," na unashuka kweli, ghorofa zote, jirani wanakutazama.

Maji yakikatika tulijipanga kwenye ngazi, tukapokezana ndoo kutoka chini mpaka juu, na aliyemwagia mwenzake alijua atamwagiwa. Wanangu mimi wakienda kwa bibi yao hufika wanahema, simu mkononi, wanaulizana lifti iko wapi. Nawaambia lifti ni hiyo miguu waliyopewa na Mwenyezi Mungu.

Sasa lile neno la kuvunja. Tuliambiwa jumba limechakaa, mvua zimekula zege, vyuma vinachungulia, litaondoshwa lijengwe jingine la vioo. Kuchakaa limechakaa, sitasema uongo. Lakini mama siku ile alifungua kabati. Akaanza kufunga vyombo vyake, sahani moja moja, ndani ya kanga kuukuu. Nikamwambia aje akae kwangu Tomondo, chumba kipo.

"Kwako nitakaa nikitazama ukuta wa jirani," akasema. Iliniuma, kwa sababu ni kweli.

Mwenyekiti wa kamati ya wakaazi ni Haji, tuliyekulia naye ngazi moja. Haji alihangaika huku na huku mpaka akaahidiwa kwamba wakubwa watakuja kuliona jumba kabla ya kukata shauri. Akaamua siku hiyo tuifanye sherehe, kila mwenye nyumba afungue mlango, wageni wapande, wale, waone watu wanavyoishi. Wazo zuri sana. Balaa likaja kwenye mapambo.

Haji ana imani ambayo naona Waunguja wengi tunayo, kwamba kitu cha kuhifadhiwa lazima kifanane na Mji Mkongwe. Basi akaazima kwa rafiki yake seremala mlango mkubwa wa nakshi, wenye miiba ya shaba, akausimamisha chini ya ngazi yetu. Hakutosheka. Akakata matao ya mbao nyepesi, akayapaka rangi nyeupe, akayapigilia mbele ya matofali ya matundu ili tuonekane jumba la sultani. Ngazi nzima ikawa giza na joto la tanuri. Asubuhi ya sherehe mama akashuka taratibu, ameshika ukuta, akautazama ule mlango juu mpaka chini.

"Haji, mwanangu, unaoa?"

"Shikamoo, Bi Rukia. Nnapamba, wageni wakija wauone urithi."

"Marahaba. Urithi wa nani huu? Mimi nimeingia humu na mlango wa mbao tupu, nikaupenda hivyo hivyo. Hebu yabandue hayo madude nipate kupumua."

Haji alibisha kidogo, lakini nani atambishia Bi Rukia mpaka mwisho? Matao yakabanduliwa. Wageni walipofika, ule mlango wa nakshi ulikuwa umeegeshwa nyuma ya pikipiki, umefunikwa turubali, na Haji amenuna.

Ilikuwa kaskazi, jua kali. Aliyewaongoza wageni ni mama mmoja wa makamo, mtaalamu wa majenzi, mpole lakini hacheki ovyo. Wakaingia kwa mama yangu, wakakaa sebuleni na roshanini, wakaletewa kachori na mkandaa, chai ya rangi ya tangawizi. Walisema watakaa kidogo tu. Wakakaa, wakaongeza chai, mmoja akavua viatu. Mwisho yule mtaalamu akatazama juu darini, akauliza, "Bibi, humu mna ubaridi mzuri. Feni umeificha wapi?"

"Feni ya nini, mwanangu? Umeme haupo tangu asubuhi."

Yule mtaalamu akatua kikombe. Akatoka kwenye ngazi, akaweka kiganja chake kwenye matundu ya ukuta, akasimama pale. Kisha akawaita wenzake wote waje waweke mikono yao. Haji akanitazama, nikamtazama.

Tukangoja, na kungoja kubaya. Mwezi uliopita ndipo jibu lilipokuja. Jumba halivunjwi. Litatengenezwa, mabomba yabadilishwe, zege lizibwe, na ukuta wa matundu ubaki kama ulivyojengwa. Haji alinipigia simu akashindwa kueleza, akawa anarudia alhamdulillahi tu. Nilikaa kitako sakafuni jikoni kwangu, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Nilikwenda kumsaidia mama kufungua vyombo. Ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, kwamba siku alipoletwa humu alilia. Nyumba yao ya udongo ilikuwa na uwani na kuku, na yeye aliogopa kulala juu ya kichwa cha mtu. "Wiki nzima nalia, baba yako ananicheka. Wewe ulikuwa tumboni."

Enzi zile hakuna mlango uliofungwa mchana kwenye ngazi yetu. Siku hizi kila nyumba ina geti la chuma, boflo inaagizwa kwa simu, na mtoto akiitwa anajibu kwa ujumbe akiwa chumba cha pili. Majirani walioingia pamoja na mama wamekwenda mmoja baada ya mmoja, na wote waliteremshwa kwa ngazi hiyo hiyo, majirani wakipokezana jeneza pale ngazi zinapopinda. Amebaki yeye.

Nikamuuliza sahani nizipange wapi.

"Zirudishe kabatini," akasema, na uso wake ulikuwa umekunjuka kuliko nilivyouona mwaka mzima. "Na mimi nikiondoka, nitapita walipopita wenzangu."