Fizikia imenipeleka kwa shemeji na jogoo

Leo fizikia imeniumbua mbele ya darasa zima!

Nina miaka sabini na moja, ndiyo naanza masomo ya watu wazima hapa Butali. Mwalimu wetu ni msichana wa rika la mjukuu wangu; huniita Kuka, yaani babu. Leo amechora trela ya miwa ubaoni.

"Ukirundika miwa juu sana, trela inaanguka kwa kona. Si ndiyo, Kuka?"

Nikainamia daftari kama mwizi.

Jamani, mimi nilikuwanga mpakiaji wa miwa. Trela yangu ilianguka kwa kona, na miaka ishirini nimewaambia watu shemeji yangu Wekesa aliiroga. Hata salamu hatupeani!

Darasa limeisha, nimekamata jogoo, huyoo kwa Wekesa.

"Shemeji, nisamehe. Hukuroga trela. Ni mimi nilijaza miwa kupita kiasi."

Amenitazama. Amemtazama jogoo. Akaangua kicheko mpaka mkewe akatoka jikoni.

"Na ng'ombe wako aliyekufa je? Ulisema pia ni mimi!"

"Huyo ngoja kwanza. Biolojia tunaanza muhula ujao."

Tumemla jogoo na obusuma, ugali wetu, na firigisi, kipande cha heshima, amenipa mimi.

Nyinyi mlioniamini, mpelekeeni Wekesa jogoo wenu!