Haya za Jamali na Kadi ya Sauti

Jamali, fundi redio wa Kiwalani, alikuwa na haya za kupitiliza mbele ya mama mkwe wake. Kumstahi mkwe ni adabu, nani asiyejua, lakini Jamali alizidisha: Bi Mwanabaraka akiingia sebuleni, yeye anatokea uani. Miaka yote ya ndoa yake na Rukaiya, alichowahi kumwambia ni "shikamoo mama" na "karibu", tena macho chini.

Mwaka tisini na nane bibi akamletea kazi kupitia kwa Rukaiya. Ilikuwa kanda ya marehemu mumewe, Mzee Mwinshehe, akisoma dua siku ya akika ya mjukuu. Sauti yake nyingine haikuwako duniani. Kanda ilishaanza kukwaruza, na bibi alisikia kwamba kompyuta ya mtumba ya Jamali inaweza kuitunza sauti isichakae.

Kompyuta ilikuwako, ila bubu. Jamali alikuwa ameiwekea mfumo wa Linux kutoka kwenye sidii ya kuazima, na kiini cha mfumo ule, yaani ile sehemu inayoamrisha vyuma vyote, hakikuijua kadi ya sauti. Ilibidi kukiunda upya. Mashine ikamhoji swali baada ya swali kama karani wa mahakama: hiki unakitaka? Na kile? Penye sauti akajibu ndiyo, akaitajia namba za kadi, kisha akaiacha ijipike asubuhi nzima huku akiomba umeme usikatike. Haukukatika.

Spika hakuwa nazo. Akaunga waya kwenye redio kaseti, na redio ile kwa ukaidi wake haikutoa sauti ya nje mpaka uweke kanda na kubonyeza kurekodi. Kanda iliyokuwa mkononi ni ile ya mzee. Jamali akawaza: dua bila shaka iko upande wa kwanza, wa pili mtupu. Bibi alikuwa pale uani na Rukaiya, wakichambua mchele. Kumuuliza? Thubutu! Hata kuisikiliza kwanza hakuisikiliza, na haraka haina baraka. Akaigeuza, akaziba kwa karatasi kile kitundu kinachozuia kurekodi, kama tufanyavyo sote, akabonyeza.

Kengele ya majaribio ya kompyuta ikalia redioni. Kompyuta imesema! Akairudia, akairudia tena, akapandisha na kushusha sauti mpaka kanda ikafika mwisho. Alifurahi kijinga, akawaita.

Bi Mwanabaraka akaketi mkekani. Upande wa kwanza ukatoa taarabu.

"Geuza, baba," akasema. "Marehemu yuko upande wa pili."

Jamali akageuza. Kengele. Kengele tena. Rukaiya akamtazama mumewe.

"Iache iende," bibi akasema. "Labda yuko mbele."

Wakasikiliza kengele mpaka kanda ikakatika yenyewe. Jamali alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kanda kuukuu hii," bibi akasema taratibu. "Kosa langu, nimechelewa kuileta."

Alikuwa anamsitiri, na Jamali alijua. Aibu ile ndiyo iliyomuuma zaidi.

"Hapana, mama. Mie ndiye niliyemfuta. Nilidhani huku hakuna kitu, nikaona haya kukuuliza."

Alikuwa ameinua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Bi Mwanabaraka akajiziba mdomo kwa kanga.

"Kumbe maneno unayo, baba," akasema. "Na mimi nilikuwa hapo uani tu."